Wimbo wa Latifo, Maneno Makavu

Wimbo ulifika Quitunda kabla plasta ya Nadia haijakauka vizuri. Zubeida alikuwa nyuma ya nyumba anakuna nazi, akasikia pikipiki inapita na koluna, lile spika kubwa la muziki, limefungwa kwa mpira nyuma ya kiti, na ndani ya koluna mwanamume anaita jina la mtoto wa Zubeida. Rudi, Nadia. Rudi, amor, mpenzi kwa Kireno. Sauti ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomuudhi kwanza, kabla hajashika maneno: sauti ya Latifo, mume wa Nadia, ilikuwa tamu vilevile kama siku ile ya posa, na gitaa lilikuwa linalia nyuma yake kama limefiwa.

Nadia alikuwa amekaa barazani, mkono wake wa kushoto umening'inizwa shingoni kwa kipande cha kitambaa cha kapulana. Wote wawili walisikiliza mpaka pikipiki ikakata kona ya shule na muziki ukapotelea huko.

"Ni mpya huo," alisema Nadia kwa sauti ya kawaida kabisa.

Zubeida alirudi kwenye mbuzi yake, akakuna nazi mpaka akafika kwenye kifuu na kuanza kukuna kifuu chenyewe, na tui la siku ile lilitoka na vumbi jeusi.

Nadia hakumzaa yeye. Ni mtoto wa mdogo wake, Awa, aliyeolewa Olumbi na Bachir. Lakini kwa watu wa pwani ile mtoto wa mdogo wako ni wako, na Nadia tangu aanze kusema amemwita Zubeida mama mkubwa, na ndiye aliyemkimbilia alipotoka Mocímboa da Praia na mkono uliovunjika. Kwa baba yake hakwenda. Alijua angemrudisha kwa mume.

Zubeida mwenyewe alizaliwa katika kijiji cha ufukweni ambacho leo kimo ndani ya uzio wa mradi wa gesi. Walipohamishiwa Quitunda alipewa, kama wenzake, nyumba ya matofali ya saruji iliyofanana na nyumba ya kila mtu, na shamba la mihogo ambalo ukiwa umesimama katikati yake husikii bahari hata kidogo. Kisha vita vikafika Palma, akakimbia tena, mume wake akafia ukimbizini kwa homa, na aliporudi alikuta mlango hauna kitasa na ndani hamna hata kijiko. Kitu kimoja tu ambacho hakuna aliyekichukua ni nyimbo. Zubeida ni kungwi. Wasichana wanaopevuka huletwa kwake, yeye huwafundisha, na siku ya kutoka huwatoa nje wamepakwa msiro, ule unga mweupe wa mti, usoni, wanaimba, na mama zao wanalia kwa furaha.

Ana namna yake ya kufundisha, aliyoirithi kwa bibi yake. Makungwi wengine humwimbia mwali wimbo mzima na kumwacha aokote anachoweza. Zubeida huanza na maneno makavu. Mwali hukaa chini, miguu ameinyoosha, mikono mapajani, na kuyasema maneno ya wimbo kama anavyoomba chumvi kwa jirani. Hakuna kuyumba, hakuna makofi, na sauti haipandi wala haishuki. Akishaweza kueleza kila neno linamwambia nini, ndipo ngoma inaletwa, na hapo husema kwamba sasa maneno yameloweshwa. Sababu aliyopewa na bibi yake ni kwamba ngoma inalevya, na mtu akishalewa huimba hata jambo ambalo angeambiwa macho makavu angelikataa.

Habari ya mkono ilikuwa hivi. Latifo alikuwa mpakiaji wa mizigo katika bandari ya Mocímboa, na jioni aliimba katika studio ya rafiki yake, chumba kimoja kilichobandikwa makasha ya mayai ukutani. Nadia alikuwa akiuza bajia asubuhi karibu na pale samaki wanaposhushwa. Siku moja mteja alimtania, naye akacheka. Hilo tu. Latifo alimfuata nyumbani, akamshika mkono, akauweka kwenye ukingo wa mlango na kuukunja mpaka ukalia. Haikuwa mara ya kwanza kumfanyia jambo. Aliwahi kumvunjia simu, aliwahi kumchomea gauni la harusi ya rafiki yake ili asiende. Ila safari hii mfupa ulionekana chini ya ngozi, na Mónica, nesi wa kituo cha afya, aliufunga plasta huku akiuliza kwa Kireno nani amefanya hivi, na Nadia akajibu kwa Kireno chake cha shule kwamba ameanguka.

Sasa Latifo alikuwa ameomba msamaha. Alikuwa ameuomba kwa gitaa, na watu wote wa barabara ile, kuanzia Mocímboa hadi Palma, walikuwa wamempa.

Wimbo ulisema hivi:

*Nilikugusa kwa wivu, na wivu ndio mapenzi,*
*mkono wangu haujui kushika nusu, mpenzi.*
*Nitaichoma nyumba uliyomo, niingie motoni nikutoe,*
*ujue nani anakupenda, dunia yote ituone.*
*Usipokuwa wangu, basi usiwe wa mtu,*
*tulale kitanda kimoja, au kaburi moja tu.*

Baada ya kila beti liliingia lile Rudi Nadia, rudi amor, na hapo hata mtu mwenye mzigo kichwani aliyumba kidogo. Kinamama kisimani waliuimba. Wanafunzi waliuimba wakienda shule, wakakata jina la Nadia katikati na kulipigia makofi. Na watu ambao wameona nyumba zao zinawaka, ambao wamelala porini na watoto huku anga la nyuma yao limekuwa jekundu, walisimama madukani wakiimba *nitaichoma nyumba uliyomo* na kutikisa vidole kwa raha. Zubeida aliwatazama na kujiuliza kama wamesahau au wamerogwa. Jirani mmoja ambaye vita vilimwangushia paa la nyumba juu ya cherehani yake ndiye aliyekuwa anauimba kwa mahadhi mazuri kuliko wote.

Kisha wakaanza kuja wasichana. Walikuja wawili wawili, wamejitanda vizuri, wakabisha hodi na kuuliza kama hapa ndipo alipo Nadia wa kwenye wimbo. Walitaka picha. Mmoja alimwomba Nadia ausogeze mkono mbele, plasta ionekane vizuri. Nadia akausogeza, akatabasamu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, kutomnyima mgeni. Zubeida alitoka ndani na ufagio, akafagia mahali walipokuwa wamesimama, akaendelea kufagia mpaka wakarudi nyuma, nje ya ua, hadi barabarani. Hakuwatukana. Alifagia tu, na vumbi likawapanda kwenye viatu.

Hata wanawali wake mwenyewe, siku walipokaa kujifunza, walimwomba kwamba siku ya kutoka wapigiwe ule wa Latifo. Aliwauliza wanaupendea nini. Mmoja, mwenye meno yaliyopangana na akili nyepesi, alisema yeye anataka mwanamume wa kumpenda hivyo, hadi ashindwe kujizuia. Wenzake walimcheka lakini wote walikuwa wanakubali kwa macho. Zubeida aliwarudisha nyumbani mapema kuliko siku zote, maana alihisi kwamba akifungua mdomo atasema maneno ambayo kungwi hapaswi kuyasema mbele ya watoto.

Lakini aliyemkasirisha kupita wote ni shemeji yake. Bachir alikuwa mvuvi wa siku zote ambaye hakuna aliyemtazama mara mbili. Sasa alipopita sokoni Olumbi vijana walimwita mkwe wa msanii na kumwimbia kiitikio, na yeye alisimama, akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kama waziri. Alinunua miwani ya jua. Alituma ujumbe baada ya ujumbe Quitunda kwamba binti yake anamtia aibu: mwanamume amelia mbele ya nchi nzima, kamtaja kwa jina, na yeye anajifanya jiwe.

Haya yote Zubeida angeyavumilia. Kitu alichokiogopa kilikuwa ndani ya nyumba yake.

Alikigundua alipokuwa anaanika mchele. Nadia alikuwa jikoni, anaosha vyombo kwa mkono mmoja, sufuria ameibana kwa magoti, na alikuwa anavumisha kitu kwa pua. Zubeida alijua ni nini kabla hajakifuatisha. Aliacha mchele, akaenda kusimama mlangoni. Nadia aliendelea bila kumwona mpaka akafika kwenye *mkono wangu haujui kushika nusu*, na hapo macho yakamjaa machozi, akatabasamu.

"Unamwimbia nani?" aliuliza Zubeida.

Nadia alishtuka, sufuria ikamponyoka. Alisema haimbi, ulimwingia tu. Kisha akaiokota sufuria, akasema bila kuinua uso, "Mama mkubwa, hakuna mtu aliyewahi kuniimbia mimi. Hata siku ya harusi mliimba nyimbo za kila bibi harusi. Huu una jina langu."

Zubeida alihisi hasira ikimpanda, na kilichomtisha ni kwamba hakujua aielekeze wapi. Alitaka kumnyang'anya simu aliyousikilizia wimbo na kuitupa chooni. Alitaka kumwambia mpumbavu wewe, amekuandikia jina juu ya kitanzi. Alimwangalia mtoto wa mdogo wake, mwembamba, vidole vilivyovimba vinachungulia kwenye plasta, akaona kwamba akimpigia kelele atakuwa wa pili kumpigia kelele, na yule wa kwanza sasa anaimba. Akarudi kwenye mchele. Aliutandaza kwa nguvu, nusu ya mchele ikamwagika nje ya jamvi na kuku wakaufaidi.

Ndipo ulipofika wito kutoka Olumbi. Kungekuwa na kikao cha suluhu nyumbani kwa Bachir. Latifo angekuja na mjomba wake Jamaldine, na mwalimu Nurdine wa madrasa angekuwa katikati. Nadia aje na nguo zake, maana kikao kikiisha ataondoka na mumewe. Ndivyo ujumbe ulivyosema, kama vile kikao kilishafanyika na kilichobaki ni kukaa tu.

"Utakwenda na nguo?" Zubeida alimuuliza.

"Sijui," alisema Nadia. Lakini asubuhi ya safari alikuwa na furushi.

Walipofika Olumbi walikuta majamvi yameshatandikwa barazani kwa Bachir na vijana wamejipanga nje ya ua, wamekuja kumwona Latifo. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe. Alikuwa amekonda kidogo na kukonda kulimpendeza. Alipomwona Nadia alisimama na kujifuta machozi, na nje ya ua mtu alisema kwa huruma, masikini. Wanaume walikaa mbele. Zubeida na Nadia walikaa karibu na mlango, na nyuma yao, ndani ya kizingiti, alikaa Awa, ambaye tangu aolewe hakuna kikao alichowahi kusema neno.

Jamaldine alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alisema mume na mke ni kama ulimi na meno, hukaa pamoja na siku moja huumana. Kijana amekosa, hakatai. Lakini tangu azaliwe yeye Jamaldine hajaona mwanamume aliyeomba msamaha kwa unyenyekevu kama huu. Ameomba hadharani. Kila mwenye simu ni shahidi. Bachir aliitikia kila sentensi kwa kichwa, miwani ya jua ameiweka juu ya kofia.

Mwalimu Nurdine alikuwa mtu wa maneno machache, na sikio lake moja lilikuwa limepungua kusikia. Alisema amesikia watu wakitaja huo wimbo, ila yeye hasikilizi magitaa. Ukipita hufunga dirisha. Akauliza, "Aliomba vipi?"

"Mwanangu, mwimbie mwalimu kidogo," alisema Jamaldine. "Hata bila gitaa."

Latifo alikohoa, akanyoosha shingo. Nje ya ua vijana walisogea.

"Naomba neno, mwalimu," alisema Zubeida.

Bachir aligeuka kumtazama kwa jicho baya, lakini mwalimu alimruhusu.

"Mwalimu amesema hasikilizi nyimbo. Tusimlazimishe. Kijana asiimbe, aseme. Maneno ni yale yale."

Jamaldine alisema hakuna ubaya, hata hivyo ni vizuri. Alidhani amesaidiwa. Na Latifo alianza, *nilikugusa kwa wivu*, lakini sauti yake ilipanda yenyewe mwishoni kama mbuzi aliyezoea kamba.

"Hapo unaimba," alisema Zubeida.

Alianza tena. Sauti ilipanda tena. Mtu mmoja nje ya ua alicheka. Latifo alijaribu mara nyingine, mikono ameibana mapajani, na safari hii maneno yalitoka kama yalivyo, moja baada ya jingine, hayana nguo. Nilikugusa kwa wivu, na wivu ndio mapenzi. Mkono wangu haujui kushika nusu. Aliongea kwa haraka ili amalize. Nitaichoma nyumba uliyomo.

"Sikusikia," alisema mwalimu Nurdine, na kuweka kiganja kwenye sikio lake.

Latifo alitazama mjomba wake. "Nitaichoma nyumba uliyomo," alirudia.

"Nyumba ya nani?" mwalimu aliuliza.

"Ni wimbo tu, mwalimu."

"Yuko kwangu," alisema Zubeida. "Nyumba aliyomo ni yangu mimi. Endelea. Bado hujamwambia mwalimu habari za kaburi."

Latifo alijifuta jasho juu ya mdomo. Jamaldine aliingilia, akasema hiyo ni sanaa, msanii huzidisha, watu wote wanaelewa, hata hao walio nje wanaelewa. Zubeida alisema sanaa imo kwenye gitaa, na gitaa halikuja leo. Kilichokuja ni mwanamume aliyekaa kwenye jamvi la mkwewe na kusema kwa kinywa chake kwamba atachoma nyumba, katika nchi hii, kwa watu hawa. Alipofika hapo alisimama. Hakuwa amekusudia kusimama. Miguu ilimwinua, na alipita kati ya wanaume mpaka mbele ya Latifo, akakunja mkono wa gauni lake hadi kwenye kiwiko.

"Kuna neno moja sikulielewa," alisema. "Kugusa. Wewe unasema ulimgusa. Mimi nafundisha wasichana maana ya maneno, na hili wataniuliza. Huu hapa mkono. Niguse hivyo hivyo ulivyomgusa."

Latifo alitazama chini.

"Huo ni utovu wa adabu," alisema Bachir. "Wewe dada, kaa chini."

"Amesema kugusa tu. Kwani kugusa kunauma?" Alimsogezea mkono karibu zaidi, mkono wa mwanamke mzima uliozoea jembe, wenye kovu la kuungua mafuta. "Niguse, baba. Mlango ule pale, kama unauhitaji."

Hakuna aliyecheka sasa, ndani wala nje. Mwalimu Nurdine aliutazama mkono wa Zubeida, kisha akautazama wa Nadia, ule mweupe wa plasta, kana kwamba ndiyo kwanza anauona, ingawa ulikuwa mbele yake tangu walipoingia.

Jamaldine alikuwa mzee wa vikao, na alijua pa kupiga. Alisema kwa upole kwamba bibi mkubwa amesema vizuri, na yeye ana swali moja kwa kungwi. Nyimbo za makungwi huvuka ua, wanaume nao wana masikio. Je, si yeye aliyemcheza Nadia mwali? Na si yeye aliyemfundisha *akifoka uwe maji, akiwaka uwe kivuli, akikufungia mlango kaa nje uimbe*? "Basi binti anafuata wimbo gani," alisema, "wa kungwi wake au wa leo?"

Zubeida alikuwa ameufundisha wimbo ule kwa wasichana wote waliopita mikononi mwake, mkavu kwanza, kama mingine. Alikuwa amewauliza wamwambie kila neno lina maana gani, nao walimwambia, naye aliwasifu. Na hakuwahi kuusikia.

Aliusema. Aliusema pale pale alipokuwa amesimama, mkono bado wazi, taratibu, kama anaomba chumvi. "Akikufungia mlango kaa nje uimbe." Hasira yote aliyokuwa amempangia Latifo ilimgeukia usoni, na mashavu yakamchoma.

"Ni kweli, niliufundisha," alisema. "Ni uchafu kama wa huyu, na umetoka mdomoni mwangu. Nisingeacha kuufundisha kama usingenikumbusha, Jamaldine. Leo nimeuacha."

Akarudi kukaa. Jamaldine alibaki ameshika swali lake mkononi na hakuna aliyelihitaji tena.

Mwalimu Nurdine alimgeukia Nadia. Alimwambia, mwanangu, wote wamesema, wewe bado. Unarudi kwa mumeo?

Nadia alikuwa ameinamisha kichwa. Kabla hajajibu, Latifo alianza. Labda hakuwa na njia nyingine. Labda alijua ndiyo njia pekee inayofanya kazi. Alianza kwa chini sana, bila maneno, sauti ya kiitikio tu, ile inayopanda mara mbili na kushuka mara moja, na ndani ya baraza lile tulivu ilikuwa nzuri hadi nywele za mikono zikasimama. Zubeida aliona mabega ya Nadia yakilegea. Aliona mkono wake mzima, wa kulia, ukienda kwenye furushi. Hakuwa na la kufanya. Ungeweza kumwondolea mtu gitaa, lakini koo lake ungelifanya nini? Alikaa pale anauma meno, na alimchukia yule kijana kwa chuki safi kabisa, kwa sababu alikuwa anajua kuimba.

"Usiimbe, Latifo," alisema Nadia. "Mkono unaniuma."

Aliendelea kidogo, kama mtu aliyesukumwa na mwendo wake mwenyewe, kisha akaacha.

"Sirudi, mwalimu," alisema Nadia.

Bachir alisimama hadi miwani ikaanguka. Alisema kama harudi kwa mumewe basi na hapa asirudi, na furushi lake alichukue. Ni hapo Awa alipozungumza kutoka ndani ya kizingiti, kwa sauti ambayo watu walilazimika kuitafuta ilikotoka. Alisema, "Kaa, Bachir. Hii ni nyumba yangu pia." Bachir hakukaa, aliinama tu kuokota miwani yake.

Mwalimu Nurdine alisema hawezi kumrudisha mwanamke kwa mtu aliyetaja moto mbele yake, utani au si utani, na kwamba shauri la talaka litakaa siku nyingine. Latifo alisema talaka hatoi. Hata Mungu akishuka hatoi. Alilisema neno hilo kavu, na safari hii hakuna aliyemfundisha. Kisha alitoka nje kwa vijana, nao walimpisha, wakampigapiga mgongoni, na kabla wageni hawajamaliza kuvaa viatu koluna la mtu mmoja lilikuwa limeshaanza, rudi Nadia, rudi amor, kwa sauti ya juu kuliko ilivyokuwa asubuhi.

Zubeida na Nadia walipita katikati yao. Kijana mmoja alimwita Nadia moyo wa mawe. Mwingine alimwambia Zubeida mvunja ndoa, na huyo Zubeida alimjua, alimjua mama yake na bibi yake, na alisimama akamtazama mpaka akajificha nyuma ya mwenzake. Jioni ile ile habari ingefika Quitunda, na alijua kabisa ni kina mama gani wangekuja kuwatoa binti zao kwake. Wawatoe. Alitamani mmoja wao aje sasa hivi amwambie usoni.

Walisimama kando ya barabara kusubiri gari la kwenda Palma. Lori la saruji lilipita, vumbi likawafunika. Nadia aliweka furushi chini na kulikalia, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kamasi zinatoka, mkono wa kulia umeukumbatia ule wa plasta.

"Nampenda bado, mama mkubwa," alisema. "Sirudi, lakini nampenda bado."

Zubeida alisikia ile hasira ikiinuka tena, ikitafuta mtu. Ilimtafuta Latifo ikamkuta mbali, ikamtafuta Bachir, ikawatafuta vijana wa koluna, na mwisho ilirudi kwa huyu aliyekaa juu ya furushi. Alikuwa na nyimbo za mwanamke anayependa na kukaa, na za mwanamke asiyependa na kuondoka. Wimbo wa huyu hakuwa nao, na bibi yake hakuwahi kuwa nao.

Akavua mtandio wake, akainama, akamfuta pua.

"Najua," alisema. "Sogea huku, jua limeshafika hapo."